Oili Niliyosema Nimeimwaga

Siku nilipolala chini ya lori langu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeliendesha miaka sita na sijawahi kuliona tumbo. Watu hucheka nikisema hivyo. Dereva mzima, unakula kwa gari, unavaa kwa gari, na hujui bolti ya oili iko wapi? Sikujua. Nilikuwa na fundi, na mtu mwenye fundi kama wangu hakuwa na haja ya kujichafua.

Lori lenyewe ni dogo, la tani tatu, na kazi yake mpaka leo ni kuhamisha watu. Mwisho wa mwezi mpangaji anatoka chumba hiki anaingia kile, na mimi ndiye ninayebeba kitanda, godoro, kabati la vyombo, jiko la mafuta taa na kuku mmoja ndani ya katoni. Nairobi mimi naijua kwa vitanda vyake. Ukiniuliza mtu fulani anaishi vipi, nitakwambia baada ya kuona godoro lake likiwa mgongoni kwangu.

Ninakaa Kongo, huku Kawangware. Fundi wangu alikaa Kisumu Ndogo, Kibera. Yeye Mjaluo, mimi Mkamba wa Machakos, na hilo lilikuwa utani wetu tangu siku ya kwanza. Aliniita Mkamba, basi, kana kwamba nilibatizwa hivyo. Mimi nilimwita omera, yaani ndugu, kwa sababu ndivyo alivyomwita kila mtu, hata mbwa wa jirani. Kila miezi mitatu nilipeleka lori kwake, nikaegesha pale kwenye kokoto, naye akatandika gunia akaingia chini huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya kabisa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Filta ya oili hakuifungua kwa kifaa. Alivua mshipi wake wa suruali, akauzungusha kwenye filta mara mbili, akavuta mara moja, filta ikalegea. Suruali nayo ikalegea. Mamake, aliyekuwa akiketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, aligeuza uso na kusema kwamba hakumzaa mtoto ili aone makalio yake tena uzeeni.

Mama huyo hakuweza kutembea. Miguu ilivimba ikakataa kazi, ikawa miaka mitatu anabebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi kitandani. Lakini mdomo wake ulitembea kote Kibera. Na oili chafu ilikuwa mali yake. Hiyo ilikuwa sheria. Mchwa wa kule hawana huruma, wanakula nguzo za nyumba mpaka unaegemea ukuta unajikuta kwa jirani. Kwa hiyo kila nilipobadilisha oili, ile nyeusi iliingia kwenye mtungi wake wa manjano, na kabla ya Jumapili nguzo zote za nyumba zilikuwa zimepakwa upya kwa tambara. Nyumba ilinuka gereji. Yeye alisema inanuka kazi. Nilipoondoka alinifungia njugu kwenye kipande cha gazeti, akaniita nyathina, yaani mwanangu kwa lugha yao.

Wiki ya Krismasi, mwaka ule wa uchaguzi wa 2007, fundi alichomoa kijiti cha kupimia, akasugua oili katikati ya vidole viwili, akakunja uso. Akasema, "Mkamba, hii imechoka. Leta kabla ya mwaka mpya." Nikanunua galoni na filta mpya, nikavisukuma chini ya kitanda. Nikajiambia nitaenda baada ya kupiga kura. Wakati ule kila mtu alikuwa na jambo la kufanya baada ya kupiga kura.

Yaliyofuata hata wewe unayajua. Matokeo yalitangazwa na mji ukapasuka. Pale Kongo usiku ulikuwa mayowe upande mmoja na kimya upande mwingine, na sijui kipi kilitisha zaidi. Nililifunika lori kwa turubai na magunia, nikatoa betri nikailaza ndani karibu na kitanda kama mgonjwa. Barabarani vijana walikuwa wanasimamisha magari na kuomba vitambulisho, na jina lako ndilo lililokuhukumu. Sisi Wakamba tulikuwa katikati: huyu anakwambia mmetuuza, yule anakwambia hamko nasi. Dereva mwenzangu, tuliyekuwa tukiegesha naye, lori lake nililiona kwa macho yangu likiwa chuma tupu katikati ya barabara, na moshi bado unatoka kwenye magurudumu.

Asubuhi ya tatu, kama saa tatu hivi, simu ikalia. Ni yeye.

"Niaje, Mkamba."

"Niko. Uko?"

"Niko. Sikiza. Nataka unitoe. Si mimi hasa, ni mama. Sisi tuna miguu, tutatembea na wengine. Mama ndiye siwezi kutembea naye. Usiingie huku ndani. Njoo tu mpaka hapo juu kwa lami, mimi nitambeba mpaka hapo. Dakika tano tu, tumepakia tumeenda."

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, miguu imegusana na yangu, maana chumba ni kimoja na hakuna mahali pa kwenda na simu. Alisikia kila neno. Alitikisa kichwa mara moja tu, akatazama watoto.

Ningemwambia naogopa, na hakuna ambaye angenicheka, kwa sababu mji mzima uliogopa. Lakini mimi ni mtu wa majivuno, na mamake huyu mtu alikuwa ananiita mwanangu. Macho yangu yakaanguka chini ya kitanda, nikaona galoni.

"Omera, umenipata vibaya," nikasema. "Nimemwaga oili sasa hivi. Gari haina hata tone."

Nyuma yake nilisikia watu wanaitana na mabati yanagongwa.

"Umeimwaga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Ningefanyaje? Huwezi kuja huku."

Nilidhani atakasirika. Aliniudhi kwa kutokasirika. Alicheka, kicheko kidogo cha mwalimu ambaye mwanafunzi wake mjinga amepata jibu moja. "Mkamba amekuwa fundi," akasema. "Haya, si mbaya. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Nitakwambia, wewe fuata tu. Uliimwaga ikiwa moto?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Moto inatoka na uchafu wote. Hiyo bolti ya chini iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Ina uzi. Usiutoe. Meno ya bolti yamechoka, nilizungusha uzi wa kushonea ndio isivuje. Ukirudisha, ongeza raundi tatu, halafu kaza kwa mkono kwanza, spana baadaye. Spana kumi na saba. Umeshika?"

"Nimeshika."

Nilikuwa nimekaa kitandani. Mikono yangu ilikuwa misafi. Nilikuwa nimetoka kuinawa, nilikuwa nakula mkate.

Akaendelea. Aliniambia kuhusu mshipi, jinsi ya kuuzungusha, na nivute kuelekea wapi. Akaniambia nipake oili mpya kidogo kwenye raba ya filta mpya kwa kidole. Mimi ndiyo, ndiyo, nimefika hapo, ndiyo. Aliongea polepole na kwa upole, kama hakuna kitu kinachoungua mahali popote duniani. Kisha akasema, "Sasa, kabla hujafunga hiyo mpya, hakikisha," na simu ikakatika.

Kredi ilikuwa imekwisha. Siku zile maduka yalikuwa yamefungwa na kadi ya simu ilikuwa adimu kuliko unga. Ile ya mwisho aliyokuwa nayo aliitumia kunifundisha kazi ambayo sikuwa ninaifanya.

Akanitumia mara tatu ule ujumbe wa bure wa simu. Simu inalia kidogo, maana yake nipigie, mimi sina kredi. Mimi nilikuwa nayo kidogo. Sikupiga. Nilizima simu nikaiweka chini ya mto, na mke wangu akawasha jiko akapika chai ambayo hakuna aliyeimaliza. Nilijiambia atapata njia nyingine. Mtu mwerevu kama yule hakosi njia. Nilijiambia hivyo siku nzima.

Kesho yake nilipowasha simu nikampigia, hakupatikana. Na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Yule mwanamke wa kwenye kanda, anayekwambia mteja hapatikani, nilimjua sauti kuliko shangazi zangu.

Januari ikaenda. Mji ulipotulia kidogo, kazi ikawa nyingi kuliko nilivyowahi kuona, na ilikuwa kazi ya huzuni. Watu walikuwa wanahama kutoka mahali walipozaliwa kwenda mahali ambapo jina lao halingewaua. Nilipakia vitanda vya pande zote. Hakuna aliyebishana nami juu ya mahali pa kuweka kabati. Walikaa juu ya vitu vyao kimya, hata watoto. Na lori nalo likaanza kugonga. Ukipanda mlima unasikia tok, tok, tok ndani ya injini, na kijiti cha kupimia kinatoka na kitu kizito cheusi kama lami.

Mafundi wengine walikuwepo, wachache. Sikuwataka. Nikijiuliza kwa nini, najibu kwamba niliona aibu mtu mwingine alale pale alipolala yeye. Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa nne asubuhi, nikavuta galoni kutoka chini ya kitanda, nikamwambia mke wangu anipe karai lake la kufulia.

"La kufulia?"

"Nitakununulia lingine."

Akalitoa. Tangu ile simu hakuwa akinibishia jambo lolote, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Niliwasha injini kwanza ipate joto, kama alivyosema. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikatandika gunia, nikaingia. Na hapo ndipo nilipogundua kitu cha ajabu: kumbukumbu yangu, ambayo husahau hata siku ya kuzaliwa kwa watoto, ilikuwa imehifadhi kila neno lake. Nilimdanganya kwa mdomo huku masikio yakisoma.

Bolti niliipata. Nikaizungusha upande usiofaa kwanza, maana ukilala chali kila kitu kinageuka, nikaikaza badala ya kuilegeza, nikatukana kwa Kikamba. Ilipoachia, iliachia yote kwa pamoja. Oili ya moto ilinishukia mkononi, ikaingia kwenye mkono wa shati, ikafika kwapani. Bolti ikaanguka ndani ya karai. Nikaitafuta kwa vidole ndani ya ule weusi, nikaitoa, nikaipangusa. Na kweli ilikuwa na uzi.

Uzi mweupe, uliogeuka kahawia. Niliukumbuka. Siku fundi alipouzungusha, mamake aliuvuta kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anashona, akaukata kwa meno, akasema, "Kumbe hata gari linashonwa." Nilibaki nimeishika bolti ile mkononi muda mrefu, oili inadondoka, mpaka mke wangu akauliza kama nimelala.

Nikavua mshipi. Nikauzungusha mara mbili, nikavuta. Suruali ikashuka, na hapakuwa na mtu wa kunitania. Filta ilitoka. Nikapaka oili mpya kwenye raba ya ile mpya kwa kidole, halafu nikafika pale aliponiacha. Kabla hujafunga hiyo mpya, hakikisha. Hakikisha nini? Nilikuwa nimejiuliza wiki nne. Hakikisha ni safi? Niliipangusa. Hakikisha imekaa sawa? Niliikaza kwa nguvu zangu zote. Nikarudisha bolti na raundi tatu za uzi wa mke wangu, nikamimina galoni yote juu. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya asali. Kidogo nijisikie fundi.

Nikawasha.

"Zima," mke wangu akasema. "Baba watoto, zima, inamwagika."

Nilizima, lakini nilikuwa nimechelewa. Oili mpya ilikuwa imetoka pembeni mwa filta, kwa kasi ya bomba lililopasuka, ikajaa kwenye gunia na kutiririka hadi mlangoni kwa jirani. Niliingia chini tena, juu ya matope yale, nikafungua filta. Na pale juu, mahali inapokaa, nikaona kitu cheusi, chembamba, cha mviringo. Nikakishika kwa kucha kikabanduka. Ilikuwa raba ya filta ya zamani. Ilikuwa imebaki imeng'ang'ania kwenye injini, nami nikafunga raba mpya juu ya raba kuukuu, na raba mbili hazishikani.

Hakikisha umetoa raba ya zamani. Hilo ndilo alilotaka kusema. Maneno manne tu yalibaki.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililala pale chali, oili inaniingia masikioni, nikalia kwa sauti mpaka mke wangu akawaambia majirani nimejiumiza. Na katikati ya kulia, likaja wazo la kishetani, likakaa karibu nami kama rafiki. Liliniambia: unaona? Hata kama ungekuwa umeimwaga kweli siku ile, bado usingefika. Ungefunga raba mbili. Oili ingemwagika. Kwa hiyo ni sawasawa tu. Nililifukuza. Halikwenda mbali.

Nilinunua galoni nyingine, nikafunga upya, injini ikalia vizuri. Ile oili chafu niliimimina kwenye mtungi wangu wa manjano, kama ule wa mama. Nikautazama mtungi ule, nikajua oili ile ni ya nani, na hapo nikaapa. Nitampelekea mama oili yake, na nitamwambia mwanawe ukweli uso kwa uso: sikuwa nimemwaga kitu, niliogopa. Kama atanipiga spana ya kichwa, anipige. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nilikuwa nimeichoka kwa urefu.

Nikangoja barabara zifunguke kabisa. Wakubwa wa siasa walipopeana mikono na vijana wakaondoa mawe, nikaufunga mtungi nyuma kwa kamba, nikaenda.

Kisumu Ndogo sikuitambua. Niliegesha pale pale kwenye kokoto, nikatafuta nyumba, nikapata kiwanja. Mabati yalikuwa yamekwisha chukuliwa. Nguzo ndizo zilizobaki, na si nguzo, vishina, vyeusi, urefu wa goti. Nyumba ya pembeni, ambayo haikuwahi kupakwa kitu, nguzo zake zilikuwa zimeungua nusu na kusimama. Za mama ziliungua karibu mpaka chini. Miaka sita nilimpa oili yangu kufukuza mchwa, na oili ile ile iliukaribisha moto. Nilisimama pale nikasema pole kwa vishina.

Mama mmoja muuza dagaa wa omena aliniangalia, akaangalia lori, akasema, "Unatafuta fundi? Yuko na mkewe Silanga, kando ya bwawa. Uliza fundi anayelima sukuma wiki."

Nilimpata ameinama na jembe. Alikuwa amekonda, shingo imebaki kano tupu. Alinyanyuka, akaniona, akaacha jembe lianguke.

"Mkamba," akasema. "Nilifikiri walikumaliza."

Alinipa mkono, hakuuachia. Halafu, Mungu wangu, jambo la kwanza aliloniomba ni kuwasha lori. Nikawasha. Akainamisha kichwa karibu na boneti, akafumba macho, akasikiliza, jinsi daktari anavyosikiliza kifua. "Iko sawa," akasema. "Umeifanya wewe?"

"Mimi."

"Iko sawa kabisa."

Nikashusha mtungi wa manjano. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nikayaanza. "Nimemletea mama oili yake. Halafu kuna jambo nataka kukwambia."

Aliutazama mtungi. Mkewe alikuwa anachambua sukuma pembeni, akaacha kuchambua.

"Mama hayuko," fundi akasema. "Alitutoka."

Mkewe ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya kawaida, bila kunilaumu kwa chochote. Asubuhi ile majirani waliondoka mapema, kukiwa bado kumetulia. Mmoja wao alikuwa na mkokoteni, na akawaambia, mpandisheni mama hapa juu ya godoro, twende. "Huyu akakataa," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Akawaambia asante, tangulieni, mimi nina gari, rafiki yangu anamalizia oili." Wao wawili wakambeba mama mpaka kwa lami na kiti chake cha plastiki, wakamkalisha kando ya barabara, wakangoja. Walingoja tangu saa nne mpaka saa kumi. Kila gari lililosikika mama alisema, huyo nyathina. Saa kumi vurugu zikafika pale, na moshi, na kila mtu akakimbia, naye fundi akambeba mamake mgongoni kupita katikati ya moshi ule mpaka uwanjani kwenye mahema ya wakimbizi. Kifua cha mama hakikuuweza. Alilala kwenye nyasi siku nne, akafa ya tano.

Mkokoteni ulikuwepo. Hilo ndilo nililolisikia, na mpaka leo ndilo ninalolisikia. Kama ningesema naogopa, neno moja tu, mama angeondoka asubuhi juu ya godoro akiwatukana waliomsukuma. Woga wangu haukumdhuru mtu. Kilichomuua ni oili niliyosema nimeimwaga. Tuna methali kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sikujua kwamba mtu anaweza kukitoa kilio nyumbani kwake akakipeleka kwa rafiki.

Nikafungua mdomo niseme. Nawaapia, nilifungua. Lakini fundi alinitangulia.

"Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukuuliza," akasema. Alikuwa anatazama chini, anachokora udongo kwa kidole cha mguu. "Siku ile. Ile raba ya zamani, uliitoa?"

Nikautazama mtungi.

"Hukuitoa."

"Sikuitoa," nikasema. Na ilikuwa kweli. "Ilibaki juu."

"Oili ikamwagika yote."

"Yote."

Alitikisa kichwa polepole, akamgeukia mkewe. "Si nilikwambia? Nilimwambia hata mama, pale pale kando ya barabara. Nilisema huyo Mkamba amefunga raba mbili, oili imemwagika, amekwama, na ni makosa yangu. Raba ndiyo ilikuwa ya kwanza kuambiwa mtu. Mimi nikaanza na uzi, nikaanza na mshipi, nikamaliza kredi kwa upuuzi." Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Nimekuwa nikilala nayo, omera. Ningesema raba kwanza, ungefika."

Lile wazo la kishetani lilikuwa limenisubiri hapo Silanga tangu mwanzo. Mkewe alikuwa ananitazama, na mtungi ulikuwa katikati yetu. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari mdomoni, yale ya njia nzima.

"Unisamehe, Mkamba," akasema.

Nikamwambia nimemsamehe.